Mgeni Kwenye Uzazi wa Mwanangu

Chumbani siku ile tulikuwa wanawake watano na kichanga. Kwanza mwanangu, mtoto wangu wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi Msata, ana siku saba tangu ajifungue mimba yake ya kwanza. Wa pili mama mkwe wake, Mzigua, mkulima wa ufuta. Mimi na yeye tunaitana mkwe. Wa tatu dada yangu, tumetoka tumbo moja, yeye ndiye mkubwa. Wa nne jirani yao, muuza chapati pale njia panda yanaposimama mabasi, mwanamke ambaye mdomo wake haupati likizo. Wa tano mimi. Kichanga ni msichana, alipewa jina asubuhi hiyo hiyo, na nje wanaume walikuwa wanakula pilau ya akika pamoja na baba yake. Majina ya wote ninayo, na ya baba zao, hata la babu yake yule muuza chapati ninalo. Siyaandiki. Ninayoeleza ni aibu yangu mimi, na wao sitaki waibebe.

Nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo mnivumilie. Kazi yangu nilifunzwa na shangazi yangu kule Bagamoyo, nayo ni kukanda wazazi. Mwanamke akishajifungua ananiita. Nahamia kwake, na kila alfajiri na jioni nachemsha maji na majani, namkanda kwa kitambaa cha moto, kiuno, mgongo, tumbo, namsinga kwa mafuta ya nazi, halafu namfunga mkaja tumboni, kile kitambaa kirefu cha kurudisha tumbo mahali pake. Nampikia uji wa pilipili manga. Mtoto namwogesha, namnyoosha viungo. Hivyo mpaka arubaini yake itimie atoke nje.

Na ninalo sharti moja, nililopewa na shangazi. Mzazi akianza na mkono mmoja, amalize na mkono huo huo. Mkono haubadilishwi. Ukibadilisha, mwili unachanganyikiwa, maziwa yanakimbia. Kama ni kweli au si kweli, madaktari watasema wao. Mimi nililishikilia, na watu wa Bagamoyo walinipenda kwa hilo, kwa sababu nikiingia nyumba ya mtu sitoki mpaka arubaini. Harusi zimenipita, misiba imenipita. Nilikuwa nikisema kwa kujisifu kabisa, "Mimi mzazi wangu simwachi."

Mzazi wangu. Ndivyo nilivyokuwa nawaita, watoto wa watu.

Mwanangu alilelewa na dada. Baba yake alitangulia mbele ya haki binti akiwa bado hajaanza shule, nami nikatoka kutafuta riziki. Hilo sioni aibu nalo, wangapi tumefanya hivyo. Ninaloonea aibu ni kwamba nilikuwa natoka huku moyo unacheka. Nyumbani kulikuwa na vyombo, kulikuwa na mtoto ana pua inatiririka, kulikuwa na dada yangu amenuna. Kule kwa watu nikifika mlangoni tu, "Bibi kaja! Bibi kaja! Mpeni nafasi!" Mzazi aliyekuwa analia tangu usiku ananyamaza nikimshika. Hakuna sifa nyumbani kwangu iliyowahi kunifikia moyoni kama ile. Hata riziki ilipokuwa si shida tena, mwanangu ameshaajiriwa, ananitumia matumizi, ananiambia, "Mama, pumzika sasa," sikupumzika.

Basi akashika mimba. Kwetu mimba ya kwanza binti hurudi kwa mama yake kujifungua. Akanipigia simu, "Mama, nije lini?"

Wakati huo nilikuwa na mzazi mjini, nyumba ya Waarabu wenye duka la vitambaa. Nyumba nzuri, watu wazuri, halwa haikatiki. Mwezi mmoja nyuma mwanangu alikuwa amekuja kunitazama, nikampapasa tumbo kwa mikono hii, nikamwambia mtoto bado yuko juu. Kwenye simu nikamwambia hivyo hivyo. "Subiri nimtoe huyu arubaini, ndipo uje. Mtoto wako hana haraka."

"Nikimaliza mitihani ya watoto naweza kuja hata kesho, mama."

"Nani mkunga hapa, mimi au wewe?"

Akacheka. Nasema alicheka, lakini simu haionyeshi uso.

Mtoto akatoka kabla ya wakati niliousema. Simu iliita mimi niko ndani namkanda mtoto wa watu, na simu siingizi chumbani kwa mzazi, inakaa kwenye pochi ukumbini. Nilipotoka nikakuta dada amepiga, na mkwe wangu wa kiume amepiga, na mwanangu mwenyewe amepiga. Nikampigia dada.

"Kajifungua salama, msichana," akasema. "Mimi napanda gari sasa hivi. Wewe unakuja?"

Mama wa yule mzazi wangu alikuwa anasikia. Mwarabu wa watu, akanishika bega. "Nenda Bibi, nenda kwa mwanao. Sisi tutajikanda wenyewe hizi siku zilizobaki."

Nami nikamjibu, nisikilizeni jibu langu, "Hapana. Mkono haubadilishwi."

Wakanisifu nyumba nzima. Nikaletewa kahawa. Wallahi niliinywa kwa raha.

Nilikwenda Msata siku ya saba. Nilimkanda yule wa mjini alfajiri, nikasema nitarudi jioni kabla ya kukanda tena. Kwenye mfuko niliweka marekani mpya, kitambaa cha pamba cha mkaja. Mtakumbuka kwetu bwana harusi humpa mama wa binti mkaja, kumkumbushia kitambaa alichojifungia tumbo alipomzaa huyo binti. Wa kwangu nilipopewa sikuushona wala kuukata. Niliutunza, nikasema nitamfungia mwenyewe akizaa.

Nilipoingia chumbani nilikuta kazi imekwisha fanywa. Mwanangu amekaa kitandani kwenye mito, anang'aa kwa mafuta, tumbo limefungwa. Mkwe alikuwa ndiyo kwanza anakusanya beseni na vitambaa, mikono imemwiva kwa maji ya moto.

"Shikamoo mama," mwanangu akasema.

"Marahaba mwanangu. Pole na uzazi."

"Nimeshapoa."

Nikasimama pale. Sijui kwa nini sikwenda moja kwa moja kitandani. Mkwe akafuta mikono haraka, akanitandikia mkeka ule mpya wa rangi, akasema, "Karibu mkwe, karibu, kaa hapa, umechoka na safari."

Yule muuza chapati akapiga kelele mlangoni, "Jamani wa nje huko! Mgeni wa Bagamoyo kafika! Leteni soda ya mgeni, ya baridi!"

Ikaletwa, imewekwa kwenye sinia, na leso juu yake. Kwenye uzazi wa mwanangu mimi niliandaliwa sinia. Dada yangu alikuwa anakwenda na kurudi na nepi mkononi, anajua sukari iko wapi, anajua kitoto kinalia njaa au kinalia tumbo. Mimi nimekaa na soda.

"Fundi mwenyewe huyo," muuza chapati akamwambia mkwe, "kaja kukukagua. Leo utafeli!"

"Anifelishe tu," mkwe akajibu. "Mimi si fundi, mimi nimelima. Nimemkanda kama nilivyokandwa na mama yangu."

Watu wakacheka. Na kweli nilikagua. Nilitazama mkaja umefungwaje, nikatafuta kosa. Nilitazama rangi ya macho ya mwanangu, midomo yake, miguu kama imevimba. Nilitafuta kosa kwa mwanamke aliyemshika mwanangu wakati mimi sikuwepo, na sikuliona. Mpaka leo nikikutana na mkwe natazama chini.

Hapo ndipo nikautoa ule mkaja kwenye mfuko. Ninavyokumbuka mimi, nilisema, "Mwanangu, nikufunge, japo leo tu." Na ninavyokumbuka, mwanangu alinitazama taratibu akasema, "Mama, si wewe unayesema mkono haubadilishwi?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyomkumbusha mwanafunzi wake jambo alilolisahau. Muuza chapati akapiga makofi, "Kakamatwa! Kakamatwa na sheria yake!" Nami nikacheka pamoja nao, nikaukunja mkaja, nikaurudisha.

Mjukuu nilipewa nikamshika. Nikamshika vizuri, kama ninavyowashika wote. Akalala. Halafu nikatazama jua, nikasema gari zitaniacha, kuna mtu ananisubiri mjini.

"Nenda mama," mwanangu akasema. "Usimchelewee mzazi wako."

Jioni ile nilimkanda yule binti wa Kiarabu. Maji yale yale, mafuta yale yale. Akaniambia, "Bibi, leo mkono uko mbali." Nikamwambia nimechoka na gari. Lakini haikuwa gari. Ile raha niliyokuwa naisikia mzazi akitulia mikononi mwangu sikuisikia. Nilikuwa naona tumbo la mtu tu. Siku zilizobaki nilizimaliza kwa kuwa niliahidi, na siku ya kutoka arubaini waliponifunika khanga mpya na kunipigia vigelegele, nilitamani vigelegele viishe niondoke. Mwanamke aliyeacha kwenda kwa mwanawe ili apigiwe vigelegele, vigelegele vimefika, havina ladha. Sijui nilikuwa nataka nini basi.

Mwanangu naye arubaini yake ilipotimia nilikwenda mapema, sikuacha mzazi yeyote nyuma. Nikamwambia mkono wa mkwe umemaliza, sasa naweza kumkanda hata kwa kumstarehesha. Akasema, "Nimeshapona, mama. Hakuna kinachouma." Akafungua gauni kidogo akanionyesha. Kweli, tumbo limerudi. Halafu akaniuliza kama anamwuliza mtu asiyemjua vizuri, kwa heshima nyingi mno, "Likizo yangu ya uzazi ikiisha, mama, unaweza kukaa na mtoto nikiwa shuleni? Kama huna mtu mjini."

Nikamwambia sina mtu mjini. Nilikuwa naye, mimba ya mke wa fundi cherehani, nilishamwahidi. Nikampigia nikamkatalia, mara ya kwanza maishani mwangu.

Sasa niko Msata. Asubuhi mwanangu anakwenda shule, saa ya mapumziko anakuja mbio ananyonyesha, anarudi. Jioni anaingia amechoka, anamchukua mtoto, anatabasamu. Kazi yake anaipenda, naiona usoni. Mara nyingine amechelewa kwa kusahihisha madaftari ingawa angeweza kuyabeba, na akiingia ananitazama kwa wasiwasi kama mtu aliyeiba. Sijamwambia kitu. Nimwambie nini mimi? Ule mkaja ndiyo mbeleko ya mjukuu wangu, namfungia mgongoni, na simu ikiita kutoka Bagamoyo, "Bibi, kuna mzazi huku," moyo wangu unaruka. Bado unaruka. Nasema hapana, halafu siku nzima nafua kwa hasira. Hilo nalo naliandika kwa sababu nimesema nitaandika yote.

Sasa kuna jambo moja. Juzi nilimsimulia dada hii habari kabla ya kuiandika. Nilipofika pale pa mkaja akanikatisha.

"Hukusema nikufunge," akaniambia. "Ulitoa kitambaa ukakiweka mapajani, ukanyamaza. Yeye alikuwa anakutazama mikono, anangoja. Na maneno ya mkono haubadilishwi, mdogo wangu, uliyasema wewe. Uliyasema huku unacheka. Mtoto hakujibu kitu."

Nimemwambia anakosea. Amesema hakosei.

Mimi majina ya watu sisahau, hata la mkunga aliyemzalisha mama yangu ninalo. Lakini maneno ya siku ile nimeyageuza mara nyingi mno kichwani. Mwanangu mwenyewe siwezi kumwuliza, kwa sababu atasema ninalotaka kusikia. Basi mkwe wangu, na wewe muuza chapati, mlikuwepo, na mkisoma haya mtajijua. Niambieni kama niliomba. Kama nimekosea kukumbuka, nirekebisheni, hata mbele za watu.