Natalia Aliyezaliwa Angani

Watu wa vijiji vya Usevya wakimtaja Natalia, mkulima wa mpunga, huongeza: yule aliyezaliwa angani. Si utani. Ilikuwa masika, miaka michache baada ya uhuru, barabara ya Mpanda imekatwa na maji, na mama yake ameshikwa na uchungu usiotaka kwisha. Ndege ndogo ya misheni ikatua kwenye kiwanja cha zamani kando ya kijiji, kilichofyekwa enzi za wakoloni. Ikampakia mama, ikapaa, na kabla haijafika hospitali mtoto akatoka. Mama alisema rubani alikuwa akiimba taratibu kwa lugha asiyoijua, kama mtu anayebembeleza.

"Wewe ulilia mawinguni kabla hujalia duniani," alizoea kumwambia binti yake, na Natalia mdogo akawa anatazama juu kama anayetazama kwao.

Hakupanda ndege tena. Aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, akaendelea kulima. Lakini jua likianza kulegea, miguu ilimpeleka kiwanjani. Ndege zilikuwa zimeacha kutua zamani. Nyasi zilimfika kiunoni, zikiinama na kuinuka kwa upepo kama kitu kinachopumua usingizini. Alisimama katikati, akafumba macho, na mara nyingine alihisi udongo unamwachia kidogo kidogo.

Kiangazi kimoja alimkuta Mabula anachunga pale. Mabula alikuwa Msukuma, amehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Ng'ombe walikuwa wamekula nyasi mpaka chini, na kwato zao zimefukua mawe yaliyojipanga kwa mduara mpana.

"Mayu, hili ni kaburi?" aliuliza, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

Natalia alipiga magoti, akakwangua jiwe moja kwa kucha. Chini ya udongo kulikuwa na weupe wa chokaa. Machozi yakamtoka bila kelele. Akamweleza Mabula kwamba mduara ule ndio aliokuwa akiutafuta rubani kutoka juu, ajue kwamba chini kuna watu wanamngoja.

Habari mbaya ni kwamba kijiji kilikuwa kimeshapanga kukigawa kiwanja kiwe mashamba ya mahindi. Mwenyekiti Ponsian hakuwa mtu wa hila. Alieleza mkutanoni kwamba vijana hawana pa kulima, upande wa pili ni hifadhi, na wengi wao hawajawahi kuona ndege ikitua pale. Watu wakaitikia kwa vichwa. Natalia akainuka.

"Sikatai watu kulima," alisema. "Naombea mduara, na ile njia ya katikati ambapo ndege ilikimbia. Wazee wetu waling'oa visiki pale kwa mikono. Tukilima kote, nani atajua kwamba walikuwepo?"

Mzee Nashon akasimama nyuma yake, na wengi wakadhani anakuja kumuunga mkono. Akasema baba yake hakukipenda kiwanja kile hata siku moja. Alikamatwa kwa ajili ya kodi, akapelekwa kufyeka, akarudi na mgongo mbovu mpaka anakufa.

Natalia akamgeukia. "Basi na hilo tulikumbuke palepale, baba. Tusilifiche."

Mzee akaketi, akisema kama ni hivyo, yeye hana neno.

Ikaamuliwa upande wa bondeni ulimwe, na njia ya katikati pamoja na mduara ibaki malisho, wafugaji wakiahidi kutoacha nyasi zirefuke. Si wote waliofurahi. Mkwe wa Natalia, aliyekuwa akitegemea kipande pale, hakukanyaga kwake kwa muda mrefu, na jambo hilo lilimuuma.

Jumapili moja baada ya misa, watu walikwenda na ndoo za chokaa. Walipomaliza kuyapaka mawe, walisimama kuuzunguka mduara, na kila mwenye mzee wake aliyefanya kazi pale akalitaja jina lake kwa sauti. Majina yalikwenda na upepo juu ya nyasi fupi, hakuna aliyeharakisha. Wafugaji, wasiokuwa na mzee pale, walivua kofia zao. Mabula akaomba alitaje jina la fahali wake aliyefukua jiwe la kwanza, na watu wakacheka wakamruhusu.

Nashon alikuwa wa mwisho. Alilitaja jina la baba yake mara moja tu, kisha akainama, akaweka kiganja juu ya jiwe kubwa kama anayepima joto la mgonjwa. Natalia akasogea karibu.

"Labda alilibeba hili," mzee alisema.

"Labda, baba."

Aliponyanyuka, kiganja chake kilikuwa cheupe. Hakukifuta. Walirudi kijijini pamoja, polepole, wakizungumza habari za mvua.