Zoezi langu la bei ya alizeti limefika Gulwe

Jamani, nisaidieni.

Mnajua nasoma kozi ya uchambuzi wa uwekezaji, haya masoko ya leo juu kesho chini. Juzi mwalimu alitupa zoezi: tabiri bei ya alizeti, kwa pesa za kufikirika.

Nikachora grafu, mstari unapanda tu. Nikaitupia kwenye grupu la familia nionekane msomi. Nichekeni tu.

Leo asubuhi mjomba kapiga simu kutoka kijijini Gulwe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Ule mchoro wako tumeuona. Nimeuza ng'ombe watatu, nyumba imejaa magunia ya alizeti mpaka mlangoni."

Nikawahi kumkatiza.

"Mjomba, lile lilikuwa zoezi tu, bado najifunza."

Akacheka! "Acha unyenyekevu. Ng'ombe ndio waliokusomesha, sasa tunavuna. Hata jirani yangu kauza wake."

Jirani naye!

Mchana huu mwalimu kanirudishia zoezi. Wino mwekundu: "Umetumia bei za msimu mmoja tu. Rudia."

Mimi nitarudia.

Mjomba atarudia na ng'ombe gani?

Semeni basi, nampigiaje?