Miaka Ishirini na Tisa ya Kupita Muhazi

Mume wangu Usumani ana ugonjwa ambao hakuna hospitali ya kuutibu: hajui kutulia. Mweke mahali pazuri namna gani, mpe chai, mpe kiti, dakika ya sita anatazama saa. Miaka ishirini na tisa ameendesha lori la mizigo kutoka bandarini Dar es Salaam mpaka hapa Kigali, na dereva wa lori akisimama tajiri anapiga simu kuuliza amesimama kwa nini. Basi akazoea. Mimi nilibaki mtaani kwetu Biryogo na cherehani yangu na watoto wawili. Yeye akifika anateremsha gunia la mchele, anaoga, analala, anaondoka. Wateja wangu nilikuwa nawaambia nimeolewa na honi.

Mwaka jana mgongo ukamkatalia, akastaafu. Wallahi nilifurahi! Nilishona mapazia mapya nyumba nzima, nikasema sasa nimempata mume wangu. Mama wee! Aliyerudi alikuwa dereva mtupu. Anakula ufunguo wa gari uko mkononi. Alfajiri akishaswali anazunguka kile kigari chake kidogo kukagua matairi, utadhani kinaenda Dar. Ukimwanzishia mazungumzo anakujibu "sawa, sawa," macho yake yako mlangoni.

Sasa, hizi safari za Jumamosi zilianzaje? Zililetwa na mwanetu mkubwa, Ilyasi, ambaye ni muuguzi huko Ireland. Kila wikendi asipokuwa zamu anatoka na wenzake kutembea, na jioni ananitumia picha. Leo magenge marefu juu ya bahari, wiki ijayo ngome iliyobomoka, mara kondoo wamejaa barabarani na yeye yuko katikati yao na koti la mvua, anacheka. "Mama, leo tumeenda kuona mnara wa taa," ananiandikia. Mvua inamnyeshea na anacheka tu.

Siku moja nikamwonyesha Usumani zile picha, nikamwambia, "Baba Ilyasi, mtoto ana miaka mitatu tu kule, ameshaizunguka nchi ya watu. Sisi ya kwetu tumeiona lini?"

"Mimi nimeiona yote," akasema.

"Umeiona kwenye kioo cha lori."

Jumamosi iliyofuata alisimama mlangoni asubuhi na mapema akasema, "Vaa viatu, tunatoka." Moyo wangu ukaruka kama wa msichana.

Tukaenda Nyanza kuona nyumba ya mfalme wa zamani, ile ya nyasi, kubwa, ya mviringo. Mwongozaji hajamaliza hata kutueleza kuhusu ng'ombe wa pembe ndefu, Usumani anasema, "Tumeiona. Twende." Tukaenda Musanze kwenye mapango, akachungulia giza, akasema ndani hakuna kitu. Halafu tukaenda Karongi, na Karongi ndiyo iliyonimaliza. Saa tatu njiani, kona juu ya kona, mimi na chupa yangu ya chai na sambusa nilizokaanga usiku, nimevaa kitenge nilichokishona kwa ajili ya ziwa Kivu. Tumefika, maji yanang'aa, visiwa vimejipanga pale mbele. Bwana mkubwa akageuza gari likatazama njia ya kurudi. Injini hakuizima! Nikashuka peke yangu, nikapiga picha moja, nikasikia honi.

Sambusa tulizila ndani ya gari, tukielekea nyumbani. Nililia, tena sikuficha. Nikamwambia, "Usumani, mimi naenda kukaa Masaka kwa Uwineza."

Uwineza ni binti yetu. Amejenga huko Masaka, pembeni mwa Kigali, ana chumba cha ziada na kijishamba cha maharage, na tangu mume wake ahamishiwe kazi kusini amekuwa akiniita. Sikusema kwa hasira. Nilisema, "Nilikusubiri miaka yote hiyo sikulalamika. Lakini kukusubiri na wewe umekaa hapa pembeni yangu, hiyo nimeshindwa. Unaniangalia kama kituo cha mpakani, unagonga muhuri unapita. Twende safari moja ya mwisho, halafu mimi nafungasha." Akasema, "Sawa, sawa." Hata siku hiyo!

Nikafungasha kweli. Begi langu la bluu nililiweka nyuma ya mlango wa chumbani, na Uwineza nikamwambia anitegemee Jumapili. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, nahama kwa mume wangu kwa sababu hataki kuzima injini. Ukimsimulia mtu atacheka. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nampenda yule mzee, nampenda mpaka leo, na hilo ndilo lililoniuma.

Katikati ya wiki, Usumani akaniambia, "Jumamosi twende Muhazi."

Nikatazama kalenda iliyo juu ya cherehani. Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Kwa asiyejua mambo ya kwetu: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda. Nchi nzima inatoka na majembe, watu wanafyeka, wanachimba mitaro, wanapanda miti, na kuanzia saa mbili mpaka saa tano gari haliendi popote. Likikutwa barabarani linasimamishwa, na wewe unashuka ufanye kazi na wale uliowakuta. Nikasema moyoni, yewe, huyu mtu nusu ya maisha yake alikuwa ng'ambo ya mpaka, amesahau! Nikafunga mdomo wangu. Sikumkumbusha. Nilitaka mtu mmoja tu katika nchi hii, hata kama ni askari, amsimamishe mume wangu saa tatu nzima.

Siku yenyewe nikajichelewesha makusudi. Nikaunguza chapati, nikaanza upya. Nikatafuta mtandio nilioushika mkononi. Ajabu, na yeye siku hiyo hakunihimiza. Alipiga viatu rangi. Alikagua maji ya gari, akakagua tena. Tulitoka Biryogo inakaribia saa moja, mtu ambaye kwa kawaida saa kumi na moja ameshawasha. Mimi nikaona ni bahati yangu tu.

Saa mbili kasoro tuko karibu na Rwamagana, pale inapokatia barabara ya vumbi ya kuteremka ziwani. Hatujaenda mbali kwenye lile vumbi, askari akanyoosha mkono.

"Mzee, salama? Leo iko umuganda. Gari inabaki hapa mpaka saa tano."

Nikageuza uso dirishani nisionekane ninavyotabasamu. Nilikuwa nasubiri Usumani afoke, aeleze kwamba yeye ni dereva wa kimataifa, kama anavyowaelezaga watu. Usumani akasema, "Haya, afande." Akazima injini. Akatoa ufunguo. Akashuka, akaenda kufungua buti.

Nikashuka na mimi. Ndani ya buti mlikuwa na majembe mawili yamefungwa kwenye gunia, mapya, mipini bado myeupe. Na chini ya majembe lilikuwa begi langu la bluu.

"Usumani, hivi ni nini?"

"Majembe," akasema. "Moja lako."

"Ulijua ni umuganda?"

"Mama Ilyasi, nimeendesha gari miaka ishirini na tisa nisijue siku ya umuganda? Kila mwisho wa mwezi nilikuwa naihesabu nisije nikanaswa. Leo nilitaka ninaswe." Alikuwa anaongea na gunia, hanitazami. "Nimejaribu kule Nyanza. Nimejaribu Karongi. Nikizima gari nasikia kama kuna mtu ananipigia simu. Moyo unanienda mbio, nakwambia kweli. Mimi peke yangu siwezi kusimama. Nikasema basi wanisimamishe."

"Na begi?"

"Begi nimekuletea kwa sababu njia ya kurudi inapita Masaka. Sitaki urudi Biryogo kulichukua kama hutaki. Utakaloamua ni lako." Kisha akanipa jembe, akaenda walipokuwa watu.

Ee Mola. Nilibaki pale na jembe langu na hila zangu zote za chapati, najiona mjinga. Nilikuwa nimemtegea mtu ambaye ameshajitega mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa kuzibua mtaro wa kando ya barabara, mvua zilikuwa zimeujaza udongo. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mrefu, Kabagwira, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Akatupanga pamoja na watu wake kama vile alikuwa anatutegemea. Usumani na mgongo wake nilidhani atachimba mara mbili aketi. Alichimba taratibu, anapumzika, anachimba. Vijana wakaanza kumtania kwa Kiswahili chake cha Dar, naye akawarudishia, wakacheka. Sikuwa nimewahi kumwona mume wangu kazini. Hebu fikiria, watoto wawili tumezaa, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza namwona akitoka jasho.

Kazi ilipoisha watu wakakaa kwenye nyasi kwa mkutano, kama ilivyo desturi. Wakaongea mambo yao ya bima ya afya na mbuzi wa mtu aliyekula miche. Halafu Kabagwira akasema, "Tuna wageni. Wasimame tuwajue."

Mimi nikasema jina langu na kwamba nashona nguo Biryogo, na mama mmoja akataka namba yangu hapo hapo. Usumani akasimama, akavua kofia. Nikajua atasema jina akae.

"Naitwa Usumani," akasema. "Nilikuwa dereva wa lori. Hiyo njia panda yenu ya kushukia ziwani nimeipita miaka ishirini na tisa, kwenda na kurudi. Naijua vizuri, kuna mti wa mkaratusi uliopinda. Nikiuona nilikuwa najua bado saa moja nimwone mke wangu. Nilikuwa nakanyaga mafuta." Akanionyesha kwa kofia. "Sasa nimestaafu, niko naye nyumbani, na mguu bado unakanyaga. Ndiyo hivyo. Leo nimefika kwenu, nashukuru."

Watu wakampigia makofi. Kabagwira akasema kwa ile sauti yake, "Karibu, mzee, umechelewa lakini umefika!" Mimi niliinamisha uso nikajifanya nafunga mtandio. Yaani muda wote ule niliodhani ananikimbia, alikuwa anakimbilia kwangu, na hakuna aliyemwambia kwamba ameshafika. Hata mimi sikumwambia. Nilimnunia, nikafungasha begi.

Saa tano ilipita na magari yakaruhusiwa. Usumani hakuligusa gari. Tuliteremka ziwani kwa miguu, na thamosi na chapati za pili, zile zisizoungua. Muhazi ni ziwa jembamba, refu, limejikunja katikati ya vilima na migomba mpaka kwenye maji. Si Kivu. Halina visiwa vya kupiga picha. Tulitawadha pale pale, tukaswali adhuhuri kwenye nyasi, tukala. Mara mbili nilimwona mkono unaenda kwenye saa. Mara ya tatu niliushika nikaubakiza mkononi mwangu, akaniachia. Akaniuliza mapazia ya nyumbani nimeyashona lini, kwamba ni mazuri. Mapazia ya mwaka jana! Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia.

Nikampiga picha amekunja suruali, miguu iko majini, uso umeshangaa kama mtoto aliyesamehewa adhabu, nikamtumia Ilyasi. Akajibu papo hapo, "Mama, huyo ni Baba kweli?"

Tulirudi jua limeshaanza kushuka. Begi lilikuwa nyuma, nalisikia kila tukipita tuta. Nilitaka nione atafanya nini. Tukafika pale inapokatia njia ya Masaka. Hapakuwa na askari, hapakuwa na mkono wa mtu. Usumani akawasha taa ya pembeni, akaingiza gari kando ya barabara, akazima injini. Akaiweka mikono mapajani, akasubiri. Pikipiki zinatupita. Lori moja la masafa, la namba za Tanzania, likatupita kwa kishindo, na hakuligeukia.

Dakika ya sita ikafika. Niliihesabu. Ikapita.

"Baba Ilyasi," nikasema, "Uwineza atakuwa amepika. Tukamsalimie mtoto, tule, halafu twende kwetu. Begi liache humo humo, lina sweta langu, Jumamosi nataka tupande milimani Rulindo na kule kuna baridi."

Hakusema sawa, sawa. Alifuta uso kwa mkono mzima, juu mpaka chini.

"Basi washa gari," nikamwambia.

"Ngoja kidogo," akasema. "Hapa napo sijawahi kupaangalia."