Si Uvivu, Ni Damu

Pale Tuwan, Kitale, mjulie mtu mzima hali, atakujibu, "Tumechoka tu," kisha acheke. Nelima naye alikuwa akicheka hivyo hivyo. Lakini uchovu wake ulikuwa umevuka mpaka: analala amechoka, anaamka amechoka zaidi. Na kule Bungoma mama mkwe wake, Edah, alikuwa ameshampa jina: mvivu. Ole wako mke wa watu ukiitwa mvivu! Nelima mwenyewe akaanza kuamini.

Kazi yake ilikuwa kuanika mahindi ya wafanyabiashara, kuyageuza juani kwa kuburura miguu ndani yake. Mahindi yakilowa, kazi imekwisha, na mwanawe Levi na wadogo zake wanamtazama yeye tu. Sasa mchana mmoja akaketi kando ya turubai. Kidogo tu, ati! Usingizi ukambeba.

Aliamshwa na mvua usoni. Mahindi yalikuwa yamefunikwa, na jirani yake Sabiha alikuwa amesimama hapo, buibui limelowa chapachapa.

"Mama Levi, hii si uvivu, bana. Wewe ni mgonjwa."

Akamkokota mpaka zahanati. Nesi alipompima damu akaguna. Ilikuwa chini mno. Akamuuliza huwa anakunywa nini akila. Nelima akashangaa: si strungi? Kwake ugali na sukuma haushuki bila kikombe cha chai isiyo na maziwa, nyeusi tititi, papo hapo. Kumbe chai hiyo ndiyo iliyokuwa inakizuia chakula kumwongezea damu! Weka na uzazi wa kufuatana, weka na kuamka alfajiri kila siku ya Mungu, nani asingechoka? Akapewa vidonge, akaambiwa chai ingoje chakula kishuke kwanza.

Asante Mungu, na asante Sabiha! Nelima alisema hivyo kwa kila aliyetaka kusikia na asiyetaka. Nguvu zilirudi polepole, hata akajikuta anaimba kazini.

Ndipo akaenda Bungoma, maneno makali yamemjaa kifuani, kumwambia mama mkwe kwamba hakuwa mvivu. Akaeleza yote. Edah alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimechoka tangu nimzae mume wako," akasema. "Mama mkwe wangu aliniambia ni uvivu. Nikamwamini."

Yale maneno makali Nelima hakuyaona tena. Akamvisha mama viatu, akamshika mkono, wakaenda zahanati.