Nguruwe Kwenye Meza ya Petka

Shangazi yangu Persida alikuwa golikipa wa kwanza wa Košava, timu ya wanawake ya mpira wa miguu, na anachokumbuka zaidi kuhusu mechi ya kwanza ni maganda ya alizeti. Wanaume walisimama nyuma ya goli lake wakitafuna mbegu, wakawa wanamtemea maganda mgongoni, yamelowa mate. Jioni mama yake alimchana nywele juu ya beseni, maganda yakawa yanadondoka kama chawa.

Wachezaji wote walikuwa wanawake wa kiwanda cha sukari. Timu ya wanaume ilikuwa na vyumba vya juu vya kubadilishia nguo. Wanawake walipewa chumba cha chini, ambako bomba la choo cha wanaume lilivuja ukutani. Humo walivaa jezi, na humo walirudi na kombe la ubingwa wa nchi, mara ya kwanza na zote zilizofuata. Magoti ya shangazi yalipochoka, aliacha kudaka akaanza kufua jezi, mle mle, kwenye harufu ile ile.

Kila mwaka, siku ya Mtakatifu Petka, anayeiombea klabu, walilaza ubao juu ya mashine za kufulia, wakatandika kitambaa cheupe, wakafanya slava, karamu ya kumheshimu mtakatifu wao. Mwenyeji huleta mkate. Yeye na padri huushika pamoja, wakauzungusha, wakaumwagia divai na kuuvunja. Anayepokea nusu ya mkate ndiye mwenyeji wa mwaka unaofuata. Nyumbani kwao shangazi alioka mkate tangu utotoni, lakini kuuzungusha aliuzungusha baba yake, kisha kaka zake. Hata klabuni aliwaachia wenzake miaka yote. Mwaka jana, akikaribia kustaafu, alinyoosha mkono akapokea ile nusu.

Mwaka huu timu ilifuzu kucheza mashindano ya Ulaya, na ghafla tukapata mwenyekiti. Ljubomir Ćurčin, mwenye machinjio, hakuwahi kukanyaga chumba cha chini mpaka wiki ya slava.

"Mama Persa, wewe oka mkate wako mzuri," alisema. "Kusimama na padri nitasimama mimi. Televisheni wanakuja."

"Mwenyeji ni mimi."

"Mwenyeji ni mwenye kutoa, mama. Chakula ni changu chote." Alikuwa anakula soseji, akafuta vidole kwenye jezi iliyokuwa imekunjwa. "Tena hapa pananuka. Tutafanyia ukumbini."

"Kinachonuka ni choo chenu."

Alicheka, akaondoka. Shangazi aliitia ile jezi kwenye maji, kisha akanawa mikono yake mpaka viwiko.

Siku yenyewe tuliupandisha mkate ukumbini, umefunikwa. Mezani walikuwa wamelala nguruwe watatu wa kuokwa, tufaha mdomoni, mafuta yakichuruzika mpaka kwenye mshumaa wa mtakatifu. Kombe moja la ubingwa lilijazwa vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Ndani ya lingine walizimia sigara. Marafiki wa mwenyekiti walishaanza kula, videvu vinang'aa. Wachezaji walisimama ukutani kama wahudumu.

"Lile nimelibusu mimi," nahodha, Dunja Kiš, aliniambia. "Ona wanavyolichokonoa."

Shangazi aliukumbatia mkate wake, hakuona mahali pasafi pa kuuweka.

Padri Gavrilo aliingia, akasimama mlangoni.

"Ljubomir, leo siku gani?"

"Ya Petka, Padri! Karibu, paja hili nimekuwekea wewe."

"Ni Ijumaa."

Taya zikasimama. Ijumaa hatuli nyama, hata kama ni sikukuu ya mtakatifu gani. Hilo hata mtoto analijua. Mtu mmoja aliyekuwa amejaza mdomo hakujua ameze au ateme. Akatemea kwenye kombe.

"Ah, Padri," mwenyekiti akasema, "fumba jicho moja. Kamera zimeshawashwa."

"Sibariki mkate mbele ya nyama siku ya mfungo. Waondoe nguruwe hawa."

"Niwaondoe? Niwapeleke wapi?"

"Mimi unaniuliza?"

Ndipo shangazi aliposema, kwa sauti ndogo, "Padri, kule chini nimewapikia wasichana maharage na samaki. Lakini sikufichi, pananuka choo."

"Choo hakivunji mfungo," padri akasema, akamfuata.

Wachezaji walishuka wote. Mwenyekiti hakushuka, wala kamera. Dunja alilaza ubao juu ya mashine, shangazi akaweka mkate. Mikono yake iliyochubuliwa na sabuni na mikono ya padri ikauzungusha polepole, huku bomba likidondosha matone na juu ya vichwa vyetu viti vikiburuzwa na watu wakicheua kwa kicheko. Divai ikamwagwa, mkate ukavunjika. Shangazi alisimama wima kama golini. Nusu aliipokea Dunja.

Usiku televisheni ilimwonyesha Ćurčin ameinua kombe, midomo imepakwa mafuta. Walimwita baba wa klabu.

Asubuhi nilimkuta shangazi chumba cha chini ameliingiza kombe lile kwenye beseni. Alishalisugua kwa magadi na siki. Aliliinua, akalinusa, akakunja uso.

"Bado nguruwe," akasema, akalirudisha kwenye sabuni.