Bata wa Jirani

Mama yangu alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, na katika mji wa Baraka aliletwa na ndoa. Baba alikuwa mvuvi. Mama alianika ndagala, wale samaki wadogo, mchangani mbele ya nyumba yetu, na kila asubuhi aligombana na mama mzee wa jirani, kwa sababu bata wa yule mzee walivuka ua na kujilia. Ukisikia matusi yao, ulijua kumekucha.

Baba alipofariki kwa homa, Mama aliacha kugombana. Aliongea kwa sauti ya chini na kumsalimu kila mpita njia, hata watoto ambao zamani angewafukuza. Bata walikula walivyotaka, naye akawatazama tu. Mimi nilimkasirikia. Sikujua kwamba mtu anayengoja kufukuzwa huanza upole mapema.

Matanga yalipoisha, wakaja baba zangu wakubwa kutoka Kilembwe. Siwezi kusema walikuwa watu wabaya. Mmoja wao alimlilia ndugu yake mpaka sauti ikamkauka. Lakini walisema nyumba ni ya ukoo, mimi pia ni wa ukoo, na Mama arudi kwao. Arudi kwa nani? Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa, na kuta za nyumba ile alizikandika kwa mikono yake, nami nikiwa mgongoni.

Shauri likapelekwa kwa shefu, mkuu wa mji. Ilikuwa enzi ya Wabelgiji. Mji ulikuwa na shefu wake na baraza lake, na juu yao alikuwepo Mzungu aliyetawala kutoka Fizi. Shefu yule simkumbuki kwa mapenzi. Alikuwa mkali kwa mambo ya vyoo na majani ya uani, na Baba aliwahi kulala gerezani kwa ajili ya shimo la choo ambalo hakulichimba. Ila jambo moja alilitenda, na kwa hilo namheshimu hadi leo.

Desturi ya baraza ilikuwa kwamba mtu hasemi peke yake. Watu wa ukoo wake husimama nyuma yake, wakionyesha kwamba ana mahali pake. Nyuma ya baba zangu wakubwa walijaa watu hadi mlangoni. Nyuma ya Mama nilikuwepo mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nagombaniwa.

"Mama, banani beko nyuma yako?" Shefu aliuliza.

"Sina muntu hapa, Shefu."

Baba mkubwa akasema polepole, bila kejeli, "Unaona, Shefu. Iko mugeni. Arudie kwabo."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi. Halafu mama mzee wa jirani, aliyekuja kusikiliza kama watu wengine, akainuka, akajikokota mpaka mbele, akasimama nyuma ya Mama. Hawakutazamana. Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Siku ile nililiona kwa macho yangu.

"Weye ni ndugu yake?" Shefu alimuuliza.

"Hapana, Shefu. Hata salamu hatupeanake. Anatukanaka bata zangu, na mi natukanaka ndagala zake. Lakini mugeni tunamupatiaka kiti na maji, hatugombanake naye. Huyu nagombana naye tangu alifika. Ni muntu wa hapa."

Baadhi ya watu walicheka. Shefu hakucheka. Alishauriana na wazee wa baraza kwa muda mrefu, kisha akasema nyumba ibaki kwa aliyeikandika, mtoto akae na mama yake, na nyavu za marehemu ziende Kilembwe. Akaongeza kwamba tangu siku ile, katika baraza la Baraka, asiye na ukoo atasimamiwa na jirani yake. Mpiga mbiu akalitangaza neno hilo sokoni.

Nimeishi katika miji mingi tangu wakati ule, na nimesikia wakubwa wengi wakisema wanawapenda wageni. Sina haja na mapenzi yao. Huruma ya mkubwa hutegemea alivyolala. Amri iliyotangazwa sokoni ilitulinda hata siku ambazo Shefu aliamka vibaya, na baada yetu ikawalinda wauza maziwa walioshuka kutoka milimani na Kinyarwanda chao, bila ndugu hata mmoja mjini.

Asubuhi ya pili baada ya baraza lile, bata walivuka ua. Mama akatoka na fimbo, akasimama, akawatazama wanavyokula. Nilidhani atanyamaza tena. Kisha akapaza sauti, akamtukana mama mzee, akawatukana bata wake na mayai ambayo hawajataga. Kutoka upande wa pili wa ua mama mzee akamjibu neno kwa neno. Nilikaa mlangoni nikalia kwa furaha, kwa sababu sasa nilijua hatuondoki.