Samaki wa Kununuliwa

Mwaka huu nilirudi Bukavu kusalimia, nikawakuta vijana wenye fulana za rangi ya machungwa wameinama kando ya mto unaoshuka kutoka Kadutu. Walikuwa wamezamisha kizimba cha wavu chenye samaki hai, ili, walinieleza kwa upole, samaki wawaonyeshe afya ya maji. Rafiki yangu, mto wenyewe ulikuwa mweusi, umebeba chupa, nepi na mzoga wa mbuzi. Pua yangu ilishapata jibu tangu barabarani. Nikamuuliza mmoja wao, hawa wakifa mnafanyaje?

"Ikikufa tunaandika, maman, kisha tunatia ingine."

Nikacheka kwa ubaya, naye akadhani nimefurahi. Kijana hakuwa na kosa. Alinikumbusha tu Cimpunda, mtaa wa utoto wangu, na mtu mmoja ambaye hadi leo nikimkumbuka natamani kutema mate.

Kwetu, chini ya nyumba zilizobanana mlimani, kulikuwa na kijito kilichotulia kidogo nyuma ya jiwe kubwa. Asubuhi bibi alitutuma sisi wasichana na bidoni zetu za maji, tukateremka kwenye udongo mwekundu unaoteleza, kila mmoja na kipande cha bugali baridi mkononi. Bugali ile haikuwa yetu. Uliivunjavunja, ukaitupa majini, ukangoja. Visamaki vyenye mgongo wa rangi ya majivu vilitoka chini ya jiwe vikaigombania, ndipo ukateka. Visipotoka, ulirudi na bidoni tupu na hakuna aliyekugombeza. Bibi alisema maji yana wenyewe, na mgeni hanywi kabla ya wenyeji. Nyumbani sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, zilikuwa zinakaangwa, mboga ya lengalenga inachemka kwa maji yaleyale, na harufu ya makaa ilikaa kwenye nywele zetu hadi shuleni.

Kisha jirani wa juu yetu akajenga nyumba ya étage, yaani ya ghorofa. Huyo alivaa kravati shingoni hata siku ya kufua, na kanisani alikuwa na kiti cha mbele. Kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ndefu kuliko zote, watu wetu wakamfanya mkuu wa kamati ya maji. Watu wetu hao! Bomba la choo chake lilitoka nyuma ya ukuta, likapinda vizuri, likaishia kijitoni. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini wahenga hawakuishi Cimpunda. Kwetu mwenye macho alimsalimu mkubwa kwa heshima, akalivuka bomba, akaenda zake.

Visamaki vikaacha kuja. Bibi akakataza maji yale, akatutuma chemchemi ya bonde la pili, tukarudi shingo zinauma. Wamama wengine wakanung'unika, wakapanda kwa mkuu wa kamati. Wewe ungeziba bomba. Yeye alinunua beseni zima la tilapia hai kwa wavuvi wa ziwani, akateremka na kravati yake, akazimwaga nyuma ya jiwe mbele ya watu wote, kisha akarusha bugali kwa mkono wake mwenyewe. Tilapia zenye njaa zikaruka, na watu wakapiga makofi. Zilipoelea tumbo juu, beseni lingine likateremshwa, na baada ya hilo jingine. Kila mtu aliliona likipita mlangoni pake. Lakini chemchemi ilikuwa mbali na jiwe lilikuwa karibu, basi wakateka, wakanywa, wakamshukuru Mungu kwa kiongozi mwenye moyo.

Mama tuliyepakana naye ukuta alikuwa na mtoto wa mwisho aliyeanza tu kutembea. Bibi alimsihi, akamwambia sisi tutamchotea maji ya mbali pamoja na yetu. Mama yule alikuwa amechoka na masengenyo ya watu kwamba bibi ana wivu na nyumba za wengine, hakutaka kuhesabiwa upande wake.

"Koko, samaki iko mule," alimwambia bibi. "Naiona na macho yangu."

Mtoto akaanza kuhara. Kabla ya Jumapili tulikuwa tumemzika.

Kwenye matanga bwana wa étage alituma wali na tilapia za kukaanga, kisha akaja mwenyewe, akapewa kiti chenye mto. Watu walilamba vidole wakisifu ukarimu wake. Mfiwa, aliyekuwa mkekani, alipewa kichwa cha samaki, kwa heshima. Bibi hakugusa sahani. Alimuuliza bwana yule taratibu, kila mtu akisikia:

"Papa, hii iko ya mu soko, ao iko ile ya mu maji yetu?"

Yule akacheka, akajibu samaki ni samaki. Mama mfiwa akaacha kutafuna. Wengine waliendelea kula.

Leo kijito kile kimefunikwa na nyumba, jiwe limevunjwa kuwa kokoto, na visamaki vile vya majivu watoto wa sasa hawavijui hata kwa jina. Étage imeongezwa ghorofa, na mtoto wa yule mwenye nyumba sasa ndiye anayeitwa mkubwa. Mama yule yu hai, anauza makaa mlangoni pake. Nilikaa naye kidogo, akauliza habari za watoto wangu mmoja mmoja, nami nikamjibu. Habari za wa kwake sikuuliza.